Mkutubi si mshika funguo

Imeandikwa kwamba wakutubi wetu wa Moshi wanalalamika maktaba za shule kukabidhiwa watu wasiosomea kazi hiyo. Wana haki kabisa. Mwaka juzi nilikwenda shule anayosoma binti yangu (jina naliacha). Maktaba ipo, rafu zipo, ila funguo anazo mwalimu wa Hisabati mwenye vipindi kutwa nzima. Mpaka apate nafasi, kengele ya kwenda nyumbani imeshalia. Siku hiyo alinifungulia. Kitabu cha kilimo cha kahawa nikakikuta kimebanwa katikati ya vitabu vya dini, na mgongoni kimebandikwa 633.73, namba ya kahawa yenyewe katika mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu maktabani kwa namba za mada! Aliyesomea ukutubi kwenye chuo chake pale Bagamoyo angekirudisha mahali pake hata akiwa anasinzia. Mwalimu sikumlaumu, kabebeshwa tu.

Sasa nyie wakutubi, kudai ajira sawa, daini. Lakini Jumamosi moja njooni mtupangie hizo rafu, mwafundishe wanafunzi wawili watatu namna ya kuazimisha. Chai na maandazi wazazi tutachanga. Daftari la kuazima nililoliona, jina la mwisho liliandikwa 2019.