Getini ndoo, leba dumu

Binti wa jirani yangu anakaribia kujifungua. Juzi alirudi kliniki na orodha: pamba, glovu, wembe, uzi wa kitovu, khanga. Hivyo tumeshavizoea, hata hatulalamiki. Mwisho wa orodha: madumu mawili ya maji. Tanga hii yenye bwawa la Mabayani, mja mzito aende leba na bodaboda ya madumu!

Kituo hichohicho mwaka 2020 kilikuwa na ndoo ya maji tiririka getini, sabuni, na mlinzi wa kukurudisha ukijifanya una haraka. Wakubwa walikuja, wakanawa, wakapigwa picha. Haya, sikatai, zilisaidia. Hata mzee wangu, aliyekuwa ananawa kwa ajili ya wali tu, alijifunza. Leo ndoo ipo, koki imekatika, ndani wameatamia mbu.

Ila hata zilipojaa, zilijaa getini. Mkunga hafanyi kazi getini. Anatoka kwa mzazi huyu anakwenda kwa yule, na mikono yenye damu haitakati kwa vitakasa mikono, inataka maji na sabuni. Daktari mmoja, Semmelweis, aliliona hili Vienna mwaka 1847: alipowalazimisha madaktari kunawa kwa maji ya klorini, vifo vya wazazi kwa homa ya uzazi vikaporomoka. Korona ilipokuja, badala ya kuanzia leba, tukaanzia kwa mpigapicha. Na manesi siwalaumu; wengine wanachota wenyewe kabla ya zamu.

Choo sikisemi, huenda kuna mtu anasoma hii anakula.

Wala msiniambie hela. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa IMF wa UVIKO, shilingi trilioni 1.3. Madarasa tumeyaona, majengo tumeyaona, ahsanteni. Lakini tangi halijijazi, na sabuni ya mwezi huu mwezi ujao imekwisha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 pesa za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kwenye kamati ya kituo wamo watu wa mitaani kwetu. Basi wewe mjumbe wetu, unayependa kukaa mbele kwenye kila shughuli, kikao kijacho uliza: fungu la sabuni liko wapi, na bomba likikauka nani kapewa kazi ya kujaza tangi? Tupe jina lake. Na usiturudie na "tunalifanyia kazi".