Kabla ya kuuliza kama ni Anonymous, uliza kimefanyika nini

Anonymous, jina linalotumiwa na wadukuzi wa mtandaoni, hawana ofisi, msemaji wala daftari la wanachama. Tangu jina lao livume mwaka 2008, walipoliandama Kanisa la Scientology, yeyote mwenye barakoa ya Guy Fawkes na programu ya kubadilisha sauti ameweza kusema kwa niaba yao. Mwaka 2011 video moja ilitangaza kwa jina hilo kwamba Facebook ingeangamizwa tarehe 5 Novemba. Siku ikapita, Facebook ikabaki. Kwa hiyo ukipata ujumbe kwamba "Anonymous wamedukua tovuti za serikali ya Uganda", kuanza kumsaka mtendaji ni kujichosha bure. Anza na tendo, maana tendo huacha alama.

Hapa kwetu Uganda kuna mtego wa pekee: udukuzi wa namna hiyo uliwahi kutokea kweli. Agosti 2012 tovuti ya Ofisi ya Waziri Mkuu ilivamiwa kwa jina la Anonymous, ikawekwa ujumbe wa kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Picha ya tukio hilo ikisambazwa leo bila tarehe, picha ni halisi ila habari ni kuukuu. Kuitafuta asili yake, usiipakie nzima kwenye zana za kutafuta picha kama Google Lens au TinEye, kwa sababu barakoa itakuletea maelfu ya picha zisizohusika. Kata ubaki na maandishi na anwani ya ukurasa tu.

Kisha nenda web.archive.org, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, andika anwani kamili ya tovuti inayotajwa, ufungue nakala za siku ya tukio na za siku zilizotangulia na kufuata. Wengi hukosea kwenye saa. Nakala hizo hupigwa muhuri wa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Nakala ya saa 22:30 usiku wa tarehe 13 kwetu ni saa saba na nusu usiku, tayari tarehe 14. Na kukosekana kwa nakala hakuthibitishi lolote, kwani tovuti nyingi za serikali, zenye anwani ya go.ug, hazihifadhiwi kila siku.

Tovuti kutofunguka nako si ushahidi wa udukuzi. Ijaribu kwa mtandao wa MTN, kisha Airtel, kisha kwa VPN, programu inayopitisha intaneti yako kupitia nchi nyingine. Ikifunguka kwa VPN pekee, huenda imefungiwa, kama Facebook ilivyofungiwa Januari 2021. Jioni ya tarehe 13 mwezi huo, kabla ya uchaguzi, intaneti yote ilizimwa nchini na ikaanza kurudi tarehe 18. Kivinjari kikilalamika kwamba cheti cha usalama kimepitwa na wakati, huo kwa kawaida ni uzembe wa msimamizi wa tovuti, si udukuzi.

Dai zito zaidi ni la data kuvuja, na hapa tahadhari ni ya lazima. Usipakue faili lenyewe: huenda lina virusi, na kusambaza taarifa za watu kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Tazama sampuli iliyoonyeshwa tu. NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, ya raia ina jumla ya herufi na tarakimu 14, ikianza na CM kwa mwanamume na CF kwa mwanamke. Orodha yenye NIN za tarakimu 12, au majina ya wanawake yenye CM, imetungwa. Lakini NIN zikiwa sawa bado haijathibitika, kwa kuwa mpangilio huo unajulikana na kila mtu mwenye kitambulisho. Vilevile majina ya wapiga kura na vituo vyao si siri iliyoibwa, maana daftari hubandikwa hadharani ili likaguliwe kabla ya uchaguzi.

Nachukizwa na hukumu ya neno moja, "Uongo", iliyogongwa kwa rangi nyekundu juu ya picha. Andika tendo, wakati na mtendaji kila kimoja peke yake: ukurasa ulibadilishwa kweli, ilikuwa Agosti 2012, waliohusika walijiita Anonymous, na dalili ya uvamizi mpya haijaonekana. Msomaji anayeikumbuka habari ya 2012 akikutana na "Uongo" mtupu, ataona mhakiki ndiye anayedanganya, na ataendelea kuisambaza.