Nyumbani vipaji tunavyo, tunachokosa ni foleni

Saa kumi na nusu alfajiri nilikuwa nimeshapanda treni ya D kutoka Bronx, naelekea kwenye usaili wa maonyesho ya muziki ya jukwaani. Baridi ya New York mwezi wa pili inaingia hadi kwenye meno. Nilipofika kwenye jengo la Eighth Avenue, karibu na mtaa wa 36, niliwakuta wenzangu zaidi ya thelathini wamejikunyata ukutani, na karatasi imebandikwa mlangoni kwa solatepu. Nikaandika jina langu chini ya la mwisho. Namba 38. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani wala nani kanileta.

Mimi nimesomea Bagamoyo, TaSUBa, ambayo wengi bado tunaiita Chuo cha Sanaa, kilichoanza 1981. Pale unafundishwa kuimba, kucheza, kuigiza na kupiga ngoma, vyote kwa mtu mmoja. Huku vijana wanalipa fedha nyingi miaka minne ili waweze kuimba huku wanacheza bila kukata pumzi. Kwetu mcheza ngoma asiyeweza kuitikia wimbo bado ni mwanafunzi. Kwa hiyo sikubali mtu akiniambia kwamba wenzetu wametuzidi kipaji. Wametuzidi kitu kingine kabisa.

Kuna chama cha waigizaji wa jukwaani, Actors' Equity, kilichoundwa 1913. Kinawabana watayarishaji wa Broadway, yale majumba makubwa ya maonyesho ya New York: lazima wafanye usaili wa wazi kwa wanachama, tarehe itangazwe mapema na mpiga kinanda awepo. Sisi tusio wanachama tunasubiri, nafasi ikibaki tunaitwa. Siku hiyo nilikuwa na saili mbili katika jengo hilo hilo. Ule wa kwanza, msimamizi alitoka saa tano akatangaza kwamba leo hawatasikiliza wasio wanachama. Basi, orodha yetu ikafia hapo. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimekesha nikinywa chai ya tangawizi ili sauti isikwame. Lakini tuliambiwa wote pamoja, kwa sauti, mchana kweupe.

Usaili wa pili niliitwa saa tisa alasiri. Unaingia na picha yako ya inchi 8 kwa 10, wasifu umepigwa pini nyuma yake, na faili la noti za muziki. Karatasi zinakaa kwenye mifuko ya plastiki isiyong'aa, taa zisimsumbue mpiga kinanda. Yeye hajawahi kukuona, na dakika hiyo hiyo mnatakiwa kuwa kitu kimoja. Unamwonyesha mwendo wa wimbo kwa kuimba mstari wa kwanza kwa sauti ya chini huku ukijigonga kifuani taratibu. Kumwalizia vidole ni utovu wa adabu, na walioko mezani wanakuona. Mpiga kinanda wa siku ile alikuwa mzee wa mvi, akanitazama kidole changu kifuani, akaitikia kwa kichwa mara mbili, na alipoanza alikuwa ameshika mapigo yangu sawasawa. Nilitamani kumkumbatia.

Tulikuwa tumeahidiwa vipimo 16 vya wimbo (vipande vidogo vya mapigo). Kwa wingi wetu wakapunguza hadi 8, yaani kama sekunde ishirini hivi. Nikaimba. Mtu mmoja mezani akasema asante, mwingine alikuwa anaandika. Nikatoka.

Hapo ndipo roho yangu inapokataa kuzoea. Nimekulia kwenye taarab, ambako wimbo mmoja unaweza kumaliza robo saa, na ukifika ubeti uliomchoma mtu anainuka kwenye kiti chake, anakuja kwa maringo, anakutunza noti mkononi. Unajua pale pale kwamba umemfikia. Nikiambiwa nichague wasikilizaji, nitawachagua wa Zanzibar kila siku ya maisha yangu. Sekunde ishirini hazitoshi hata kumjua mtu anapovutia pumzi.

Ila nimefanya maonyesho nyumbani miaka mitatu kabla sijaondoka, na sikuwahi hata mara moja kuona tangazo la usaili limebandikwa mahali. Simu inapigwa: njoo Jumamosi. Anayepigiwa ni anayejulikana. Binti mwenye sauti ya ajabu kule Newala hana namba ya mtu yeyote, kwa hiyo hayupo. Na kwa sisi wanawake kuna ubaya zaidi, tuuseme wazi: mtu akikuita peke yako, jioni, mahali anapojua yeye, ndipo rushwa ya ngono inapopata mlango. Mimi niliitwa hivyo. Nilikataa, na kazi ikaenda kwa mwingine. Siku ile kwenye korido, nikiwa na wanawake arobaini wenye namba kama yangu, nilikuwa na njaa na nimechoka lakini sikuogopa.

Wapo watakaosema huko kuna hela, sisi hatuwezi. Wakenya wana tamasha la maigizo la shule na vyuo toka 1959. Mtoto wa shule ya kijijini anapanda ngazi kwa ngazi mbele ya majaji hadi taifa, na hapo hakuna Broadway. Karatasi, kalamu na solatepu haziuzwi kwa dola. Tuandike siku, saa, wimbo wa aina gani unatakiwa, na malipo ni kiasi gani, tubandike mlangoni. Kisha tumwache kila mtu aimbe wimbo mzima, maana hilo tunaliweza kuliko wao.

Nilipokuwa nasubiri, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinitumia ujumbe wa sauti. Amemaliza Bagamoyo mwaka jana. Akacheka kidogo, akasema: "Dada, nimeona picha ya hiyo foleni yenu. Sasa mimi huku nikajiandikishe wapi?"

Nilirekodi jibu, nikalifuta, nikarekodi tena. Mwishowe nikamtumia namba ya simu ya mtu ninayefahamiana naye.