Rosela ina kipimo chake

Kuna makala inayowashauri wenye presha kutumia chai ya rosela, vidonge vya kitunguu saumu na chumvi mbadala yenye potasiamu. Inaisifu chai hiyo bila kutaja kipimo. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010 lilitumia vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, kila kimoja gramu 1.25 za rosela kavu katika mililita 240 za maji ya moto. Namba ya juu ya presha ilishuka takriban 7. Lakini washiriki walikuwa na presha iliyopanda kidogo tu, tena hawakuwa wakinywa dawa za presha. Mwenye 170/100 asiache vidonge kwa ajili ya chai, tafadhali! Na juisi ya rosela iliyojaa sukari ni kitu kingine kabisa.

Vidonge vya kitunguu saumu visichanganywe na warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) bila daktari kujua, kwani hatari ya kutokwa damu huongezeka.

Kinachonitia hofu zaidi ni ile chumvi mbadala yenye potasiamu. Anayetumia dawa za presha za losartan au enalapril, au mwenye figo dhaifu, huhifadhi potasiamu mwilini. Ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika, na mara nyingi hakuna dalili ya mapema. Huyo asitumie hiyo mbadala, bali apunguze chumvi ya kawaida: isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na viungo vya kukolezea mchuzi.