Kwa nini Wakabyle waliwakataa Mapadri Weupe

Kanzu nyeupe, joho lenye kofia, rozari shingoni mfano wa tasbihi. Ndivyo Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walivyoshuka pwani yetu mwaka 1878, wakielekea Tabora na Buganda. Vazi lile ni la Algeria. Miaka mitano kabla walikwisha kupanda nalo milima ya Djurdjura hukohuko Algeria, kwa Wakabyle, Waislamu wenye lugha yao ya Kiamazigh. Maziwa Makuu walipata waumini kwa maelfu. Kule milimani, baada ya miongo ya shule na zahanati, waliobatizwa walibaki wachache. Sababu ninayoisikia kanisani ni ileile: Waislamu wana mioyo migumu. Siikubali.

Mwaka 1871 Wakabyle waliinuka dhidi ya Wafaransa waliowatawala, wakiongozwa na Mokrani na Sheikh Haddad. Walipigwa. Wakatozwa faini ya faranga zaidi ya milioni 36, wakanyang'anywa ardhi zaidi ya hekta 400,000, baadhi ya viongozi wakapelekwa uhamishoni New Caledonia, kisiwa cha mbali katika Pasifiki. Mapadri waliingia vijijini mwaka 1873. Miaka miwili tu! Shamba la bondeni limechukuliwa, faini bado inauma, na mlangoni anapiga hodi Mzungu mwingine, mpole, mwenye dawa. Kikabyle kina neno moja, arumi, kwa Mfaransa na kwa Mkristo. Mzee wa kijiji angewatenganishaje? Tena hakuwa amesahau njaa ya 1867 na 1868, Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alipokusanya mayatima zaidi ya elfu moja na baadhi yao wakabatizwa, hata MacMahon, gavana Mfaransa wa Algeria, akalalamika.

Lavigerie mwenyewe aliijua hofu hiyo. Aliwakataza mapadri kubatiza bila idhini yake. Waishi kwanza na watu, wale chakula chao, waseme lugha yao. Hiyo ilikuwa heshima ya kweli, na ilizaa matunda: kamusi kubwa ya Kikabyle iliyotoka mwaka 1982 ni jasho la Padri Dallet, mmoja wao. Mapadri Weupe wanne waliuawa Tizi Ouzou, mji wa Wakabyle, tarehe 27 Desemba 1994. Hawa hawakuja kunyang'anya mtu shamba.

Lakini gharama ya ubatizo aliibeba Mkabyle. Fadhma Aït Mansour, mzaliwa wa 1882, alibatizwa mwaka 1899 alipoolewa. Nyumbani alihesabiwa arumi, na kwa Wafaransa alibaki mzawa wa koloni tu. Mwanawe, mshairi Jean Amrouche, aliitetea Algeria huru na akafa Aprili 1962, miezi mitatu kabla ya uhuru.

Siku hizi mambo yamegeuka. Makanisa ya kilokole yamekua Kabylia, nchi ya Wakabyle, na wachungaji ni Wakabyle wenyewe, wanaohubiri kwa lugha ya mama zao. Milima ni ileile, dini ya wazee ni ileile, ila hakuna askari nyuma ya mhubiri. Hapo hoja ya mioyo migumu inaanguka.

Serikali ya Algeria nayo, kwa sheria ya 2006, inatishia kifungo cha miaka miwili hadi mitano kwa anayejaribu kuitikisa imani ya Mwislamu, na mwaka 2019 polisi walilifunga kanisa kubwa la Tizi Ouzou. Kumbukumbu ya 1871 ninaiheshimu, lakini haiwezi kuhalalisha hilo. Waliotolewa mle ndani ni wajukuu wa walioporwa ardhi.