Duka la Mtandaoni: Nani Ashike Daftari?

Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo tulivyozoea kusema. Mwenye duka la mtandaoni ana shida ya upande wa pili: madaftari anayo mengi mno. Duka lenyewe linaandika kila oda. Kampuni inayompokelea malipo ya kadi inaandika ya kwake, soko la mtandaoni anakouzia lina taarifa yake, msafirishaji ana yake, benki nayo ina yake. Yote yanasema kweli, ila hayalingani hata kidogo. Ndipo anapoanza kuuliza: ninunue programu ya uhasibu, niajiri mtu, au nikabidhi kampuni ya nje? Mimi naona swali hilo limeruka hatua. Kwanza ajue ni kazi gani hasa inayomshinda.

Tuchukue taarifa moja ya malipo. Masoko makubwa hayalipi oda kwa oda; Amazon, kwa kawaida, hukusanya mauzo ya siku 14 kisha hutuma fungu moja. Tuseme mauzo ni 10,000, kwa sarafu yoyote. Wateja wamerudisha bidhaa za 800. Kamisheni imekula 1,500, uhifadhi na usafirishaji 1,200, matangazo 600. Halafu kuna 400 ambazo soko limezizuia kwa muda, kama akiba ya marejesho yajayo. Benki inapokea 5,500.

Mtunza hesabu mvivu anaandika "mauzo 5,500" na kuendelea na safari yake. Salio la benki linalingana, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Lakini mauzo yamepungua karibu nusu, matangazo hayaonekani popote kama gharama, na zile 400, ambazo ni mali yako iliyo mikononi mwa mtu mwingine, zimefutika. Mwezi ujao, zikiachiwa, zitaonekana kama mauzo yaliyotoka mbinguni.

Kwa kazi kama hii, wanaotetea programu wana hoja nzito. Programu iliyounganishwa vizuri na duka huyavunja mafungu hayo yenyewe, haichoki, na bei yake kwa kawaida iko chini sana ya mshahara wa mtu. Oda 3,000 kwa mwezi si kazi ya kumkalisha binadamu aandike moja moja.

Ila programu hukosea bila aibu. Kosa ninaloliona la hatari kuliko yote ni la kuhesabu mara mbili: kiunganishi, yaani kile kinacholiunganisha duka na programu, kinaingiza mauzo kutoka dukani, kisha fungu linapotua benki, programu inapendekeza nalo liandikwe kama mauzo, na mwenye duka, saa tano usiku, anabonyeza "kubali". Faida inapendeza mno. Akija kugundua, ameshalipa kodi ya pesa ambayo hakuwahi kuipata. Mfumo wa kuandika kila muamala pande mbili, ule ambao Luca Pacioli, mwanahisabati wa Italia, aliueleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, ulikusudiwa makosa ya namna hii yajitokeze. Lakini hautakusaidia kama hakuna anayetazama upande wa pili.

Bidhaa zilizoko ghalani ndizo zinazonifanya nimtetee binadamu. Umenunua vipande 100, kila kimoja 30. Mwezi huu umeuza 40. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 1,200, si 3,000. Zile 1,800 nyingine ni mali iliyolala rafuni. Anayeandika manunuzi yote kama gharama ya mwezi huu atakuonyesha hasara leo na faida ya ajabu miezi miwili ijayo, na wewe utapandisha bei au kukata matangazo kwa kufuata picha ya uongo. Tena gharama ya kipande si bei ya kiwandani tu. Kanuni za kimataifa za uhasibu wa bidhaa za ghalani, IAS 2, zinataka nauli ya kuleta mzigo na ushuru wa forodha viingizwe humo. Ankara ya nauli huja peke yake, pengine wiki kadhaa baadaye, na programu haina namna ya kujua ni ya shehena ipi mpaka mtu aseme.

Mtu huyo awe wa ndani? Faida yake ni kwamba anazijua bidhaa. Anaweza kuinuka akahesabu maboksi. Hasara yake ni kwamba ni mmoja. Akiugua, hesabu zinalala. Na ikiwa yeye ndiye anayeandika na yeye ndiye anayelipa wauzaji, umempa funguo zote mbili za sanduku. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba anayelipa na anayeandika wasiwe yule yule, hata kama wa pili ni wewe mwenyewe.

Kampuni ya nje inaziba pengo hilo, na kwa wanaouza kuvuka mipaka ina jambo ambalo mtu mmoja hulipata kwa shida, yaani ujuzi wa kodi za kwingine. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, ilizipa majimbo ruhusa ya kumtaka muuzaji akusanye kodi ya mauzo hata kama hana ofisi wala ghala huko. Sheria ya South Dakota iliyokuwa mezani ilitaja mauzo ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka kama mstari ambao ukiuvuka unadaiwa. Umoja wa Ulaya nao, tangu Julai 2021, una kiwango kimoja cha euro 10,000 kwa wafanyabiashara wake wanaowauzia wateja wa nchi nyingine wanachama. Vipimo hivyo hutazama mauzo, si kilichotua benki. Rudi kwa yule aliyeandika 5,500 badala ya 10,000 uone atakavyovuka mstari bila kujua.

Lakini kampuni ya nje nayo inaweza kuondoka na daftari. Tarehe 27 Desemba 2024, Bench, kampuni ya Canada iliyotunza hesabu za maelfu ya biashara ndogo, ilitangaza ghafla kwamba inafunga huduma, mwaka wa hesabu ukiwa unaishia kwa wengi wa wateja wake. Hesabu zilikuwa ndani ya mfumo wa kampuni yenyewe, si programu ambayo mteja angeweza kuhama nayo. Siku chache baadaye ilinunuliwa, lakini wateja walikuwa wameshaonja joto ya jiwe. Kwa hiyo sharti langu halina mjadala: programu isajiliwe kwa jina lako, wao uwape ruhusa ya kuingia, na siku mkiachana wao ndio watoke.

Kuna wanaosema lazima atafutwe bingwa wa maduka ya mtandaoni. Sikubali moja kwa moja. Bingwa ni ghali, na wengine wanauza kiolezo kile kile kwa kila mteja. Mpe yeyote anayeomba kazi, bingwa au mhasibu wa kawaida, taarifa moja ya malipo kama ile ya juu, na umwombe akuonyeshe ataiandikaje. Kama hakuuliza kitu kuhusu zile 400, au kama hakuuliza ni nani anayepeleka kodi serikalini, wewe au soko, msindikize mlangoni. Mhasibu wa kawaida anayeuliza maswali hayo atajifunza mengine kazini.

Kwa duka lenye njia mbili au zaidi za kuuzia na stoku inayozunguka, basi, mimi ningeweka programu ifanye uandishi, na mtu wa nje wa kulipwa kwa mwezi, anayeoanisha kila fungu na taarifa ya benki na kufunga hesabu za mwezi kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Kuhesabu bidhaa kubaki kwa watu wa ndani. Ila kama unatengeneza kwa oda, huna ghala, na malipo yote yanapita mlango mmoja, hayo yote ni mzigo wa bure. Programu ya kawaida na jioni mbili za mwezi zinatosha, ilimradi saa tano usiku usibonyeze "kubali".