Mwenye Video ni Shemeji, Mwenye Magoti ni Mimi

Najua mshaiona. Ile video ya mtu mnene anayezunguka kwenye barafu kama feni ya darini, na sauti nyuma inasema "inuka baba, inuka, inuka basi jamani!" Ndiyo hiyo. Imefika Tanga, imefika Muscat kwa mama mdogo, na leo asubuhi mtu niliyesoma naye darasa la tano kanitafuta baada ya miaka kumi na minane. Si salamu, si "u hali gani". Kicheko tu, sauti ya sekunde tisa. Kwa hiyo naomba na mimi niseme yangu kabla goti halijapoa.

Kwanza, mimi si mnene. Zile ni pedi. Kipa wa hoki ya barafu anavaa pedi za miguu ambazo upana wake unafika inchi 11 kila mguu, anavaa kifua, anavaa kaptula iliyoshiba sponji, mkono mmoja glovu ya kudakia na mkono mwingine glovu yenye ngao. Ukishavaa vyote huoni vidole vyako vya miguu. Shikeni hilo, tutarudi.

Pili, maneno aliyoyaandika shemeji juu ya video: "Kipa yuko tahiyatu ya mwisho." Mmecheka, nimeona. Ule mkao una jina, unaitwa kipepeo. Magoti yanagusana chini, nyayo zinatawanyika pembeni, pedi zinaziba sehemu ya chini ya goli. Na huu utani wa ibada shemeji hakuuanzisha yeye. Zamani kipa alikuwa haruhusiwi kabisa kujitupa chini kuzuia. Palikuwa na kipa Ottawa, huku huku Kanada, Clint Benedict, akijiangusha magotini kila mara na kujifanya kateleza, mpaka mashabiki wakamwita Benny wa Maombi. Refa ataadhibu bahati mbaya ngapi? Januari 1918 ligi ikachoka, ikabadilisha sheria. Kuanguka, basi, ni halali tangu enzi za mababu. Shida yangu mimi ilikuwa ile sehemu ya pili.

Kuinuka.

Nilijua udhaifu wangu. Hapa Winnipeg timu za watu wazima zina njaa ya makipa kiasi kwamba ukikubali kukaa golini hulipi ada, na ndiyo siri ya mapenzi yangu na mchezo huu. Lakini wenzangu walikuwa wameanza kunung'unika kwamba nikishuka, nimeshuka. Kwa hiyo wiki tatu nzima, usiku, watoto wakishakula, nilikuwa navaa pedi sebuleni na kufanya mazoezi juu ya zulia. Mke wangu anapita na beseni la nguo, ananiangalia, anapita tena. Binti yangu ndiye alikuwa kocha, anahesabu "moja, mbili" huku anakula biskuti.

Na niliweza! Mkitaka niwafundishe sasa hivi nawafundisha. Ukiwa chini, kitu cha kwanza kuinuka si mguu, ni jicho. Tafuta paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, iko wapi. Kichwa kigeuke kwake, mabega yafuate, kiuno kifuate. Ndipo unainua goti, na hapa ndipo wengi tunapokosea: unainua mguu ulio MBALI na paki. Paki iko kushoto, inuka na mguu wa kulia. Unakanyaga makali ya ndani ya kiatu karibu na mwili, unasukuma, na ule msukumo unakuinua huku unakupeleka kulekule unakotaka. Ukiinua ule wa karibu utasimama, sikatai, lakini utasimama palepale kama mnazi. Na mikono usiiweke chini. Mkono ukigusa barafu, umefungua dirisha.

Juu ya zulia nilikuwa moto wa kuotea mbali. Binti akisema "moja", mbili haifiki.

Sasa Ijumaa. Mechi saa nne na robo usiku, kwa sababu saa za kibinadamu uwanja ni wa watoto. Nikamwambia shemeji, njoo unirekodi, nataka watu waone. (Ndiyo. Ni mimi niliyemwita. Ni mimi. Msinikumbushe.) Nimeshavaa kila kitu, nimeshafungwa kamba zote na mtu mwingine kwa sababu mwenyewe sifiki, shemeji anakuja mlangoni anasema simu yake chaji imekata.

Simu yangu iko kwenye gari.

Mtu mwenye akili angempa shemeji ufunguo. Mimi nikamwambia, "Tulia shem, naifuata," nikatoka nje vilevile, na viatu vyenye visu miguuni, nikavuka maegesho ya zege. Nje baridi ya kuua, zege lote limemwagiwa mchanga na chumvi ili magari yasiteleze. Hatua kama arobaini kwenda, arobaini kurudi. Kwara, kwara, kwara. Nakumbuka nilijisikia shujaa. Nikasema moyoni, hivi ndivyo askari wa kale walivyokuwa wakiingia vitani, kwa kelele.

Wanaojua hoki mshaweka mikono kichwani. Wengine subirini.

Kipindi cha kwanza nilihisi barafu inateleza kupita kawaida, nikasema ah, wameitengeneza vizuri leo. Mashuti yalikuwa ya mbali, nilidaka nimesimama. Tukafika dakika nne za mwisho, tunaongoza 2 kwa 1, na mimi sijashuka chini hata mara moja.

Shuti likaja kutoka kulia kwangu. Nikashuka kipepeo, safi, pedi ya kushoto ikaizuia paki kama mlango wa benki. Paki ikadunda, ikajikokota, ikasimama. Ikasimama kabisa! Mita mbili kushoto kwangu, peke yake, kama mtoto aliyesahauliwa stendi. Wenzangu wote walishakimbilia mbele, maadui nao wanageuka kuwafuata. Aliyebaki ni mmoja tu, yule mzee wao mwenye mvi ambaye goti lake moja halikunji, na yuko mbali huko, anakuja taratiiibu.

Nina muda. Ndugu zangu, nina muda wa kuchemsha chai.

Jicho: nimeiona. Kichwa: kimegeuka. Mabega, kiuno, sawia. Goti la kulia: limeinuka, mguu wa mbali, kama kwenye zulia. Nikakanyaga. Nikasukuma.

Mguu ukaondoka. Haukunisukuma mimi, uliondoka wenyewe, ukaenda zake kulia kama umeitwa. Nikarudi chini kwa kishindo. Haya, tulia. Tena. Goti, kanyaga, sukuma. Mguu ukaenda zake tena. Nikasema labda nimekosea upande, nikajaribu wa kushoto, wa kushoto nao ukasafiri. Mzee anakuja.

Nikaamua niikokote paki kwa fimbo. Navuta fimbo, haiji. Navuta kwa nguvu, haiji. Kumbe nimeipigia goti. Pedi ni nene, sihisi kitu, chini sioni. Nikawa navuta fimbo niliyoikalia mwenyewe, na kila nikivuta nageuka kidogo. Ndipo pale mnaponiona nazunguka. Mzunguko wa kwanza nikamwona mzee. Mzunguko wa pili nikamwona mzee kakaribia. Nikaweka mikono chini, ndiyo, niliyowakataza nyinyi, na glovu nazo zikateleza, nikalala kifudifudi uso ukitazama goli langu mwenyewe.

Mzee akafika. Akasimama juu ya paki. Hakupiga! Aliinama akaniuliza kwa upole kabisa kama niko salama.

Na mimi, mtoto niliyelelewa kujibu hali hata nikiwa na homa, nikamwambia: niko sawa, ahsante.

Akasema vizuri. Akaisukuma paki kwa ncha ya fimbo, taratibu, ikapita mbele ya pua yangu, ikavuka mstari. Halafu akaniomba samahani.

Hapo ndipo nikaipata nguzo ya goli. Nikaikumbatia, nikajivuta nisimame kiume, goli zima likang'oka kwenye vishikizo vyake tukaanguka nalo kinyumenyume. Refa akaja kutuhakikishia kwamba paki iliingia kwanza.

Wakatufunga mawili mengine, yakaisha. Jumamosi nikapeleka viatu vikanolewe. Fundi akapitisha kidole kwenye kisu, akapitisha tena, akaniuliza kama nimetembea barabarani. Kisu cha kiatu kina makali mawili, la ndani na la nje, na ni hilo la ndani linaloing'ata barafu ukisukuma. Mimi sikuwa na lolote. Nilikuwa nimevaa vijiko. Zile hatua themanini za kufuata simu ili nirekodiwe ninavyoinuka haraka, ndizo zilizoninyima kuinuka.

Halafu msiniambie kipa hagaagai. Dominik Hašek, kipa wa Wacheki, alikuwa akigaagaa, anatupa fimbo, analala chali, na kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 aliwazuia Wakanada penalti zote tano, Wacheki wakaondoka na dhahabu. Nilimwambia shemeji hivyo. Akaniuliza kama Hašek naye alikuwa amekalia fimbo.

Kilichoniuma zaidi ni mama mkwe. Jana usiku kanitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga, dakika mbili na nusu. Nikajifungia bafuni kuusikiliza. "Pole sana baba, barafu si mchezo wetu, pole." Nikashukuru Mungu, walau yeye. Akameza mate, akaendelea: "Lakini yule mzee mwenye mvi, ana adabu! Kakujulia hali kwanza ndipo akafunga. Ana familia?"